Dakawa: Shakwe wa nchi kavu

Wewe mtoto wa pwani unamjua shakwe. Ngalawa ikirudi na dagaa, naye yuko juu yake, makelele mtindo mmoja. Mvuvi mzoefu humsoma: ndege wakijirusha majini mahali pamoja, chini kuna samaki, wakijazana ufukweni na kugoma kuruka, huenda upepo unachafuka.

Sasa twende Dakawa, wilayani Mvomero. Bahari hakuna, lakini mchezo ni ule ule. Ukitoka Moro mjini kwa barabara ya Dodoma, kilomita 40 na ushee, unaiacha Uluguru mgongoni na kuingia tambarare ya Mto Wami. Hapo kuna mashamba ya mpunga wa kumwagilia, kama hekta 2,000, yaliyoanzishwa na serikali miaka ya 1980.

Huku ngalawa ni trekta. Likianza kulima, yangeyange weupe wanaliandama kama wanalidai. Wanachofuata ni panzi na vyura wanaofurumushwa na jembe. Ng'ombe wa Wamasai nao wana msafara wao.

Na mvua je? Mbayuwayu kutoka Ulaya huingia kuanzia Septemba na Oktoba. Korongo weusi wenye tumbo jeupe hufuata mvua kutoka kaskazini, maana mvua huleta wadudu. Hawaileti mvua, wanaifuata chakula chake.

Ila mgeni asiyetakiwa ni kwelea kwelea. Mvua za kwanza zikiotesha mbegu za majani porini, chakula chake kinakwisha, anahama. Baadaye mpunga ukianza kujaza maziwa, huyo, katua! Kadege kenyewe kana uzito wa gramu 20 hivi na hula kama gramu 10 kwa siku. Unacheka? Kundi la milioni moja linamaliza tani 10, yaani magunia 100 ya kilo mia mia, kwa siku moja!

Ndiyo maana vijana hushinda shambani wakiamia tangu alfajiri hadi magharibi, na makopo na makombeo. Wapo watoto wanaokosa darasa kwa ajili hiyo. Mambo yakizidi, huletwa ndege ya kupuliza sumu: ndege kwa ndege! Lakini sumu haichagui, hata mwewe anayeokota mizoga huumia.

Kwa hiyo ukipita na basi la Dodoma, acha kusinzia. Chungulia dirishani. Wali unaoula mjini umepiganiwa hapo.