Breki ya Moyo

Binamu yangu hukimbia. Si wa kutajwa redioni, ni mmoja tu wa wale wanaoamka gizani kushika barabara ya Kaptagat. Tunaishi chumba kimoja Langas. Mapigo ya moyo wake akiamka ni 44 kwa dakika. Yangu mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili na sasa nauza maneno, ni 86. Hewa ni ileile nyembamba ya Eldoret, mita 2,100 hivi juu ya bahari, na chai ni ileile.

Haya mambo nilianza kuyasoma juu ya pesa. Muuzaji fulani wa unga wa antioksidanti alitaka tangazo: unga unatuliza moyo, unashusha presha. Shilingi elfu tatu, na landlodi alikuwa ameshabisha mlango mara mbili.

Sasa sikia. Moyo ukiachwa peke yake hupiga kama mara 100 kwa dakika. Neva ya vagasi, kutoka shina la ubongo, ndiyo breki. Neva za simpathetiki ndizo eksileta. Mwaka 1921 Otto Loewi alisisimua vagasi ya moyo wa chura, akachukua maji yaliyouzunguka akayatia kwenye moyo wa chura mwingine. Nao ukapunguza mwendo. Kumbe breki ni kemikali!

Seli zikitumia oksijeni huacha mabaki makali, supaoksidi. Yakizidi kwenye shina la ubongo, eksileta hukanyagwa. Kwa wanyama wa maabara wenye presha, kuongeza pale kimeng'enya kiitwacho supaoksidi dismutasi, kilichoelezwa na McCord na Fridovich mwaka 1969, kumetuliza neva hizo. Mwenzake katalasi umeshamwona kazini: lile povu dawa ya peroksidi ikimwagwa kwenye kidonda.

Lakini kimeng'enya ni protini. Ukikimeza, tumbo linakisaga kama omena. Mwili hujitengenezea vyake, na mazoezi ya kila siku huuongezea bidii.

Wiki hiyo mama akapiga simu kutoka Turbo. Alikuwa amesikia habari za unga.

"Kijana wangu, si niache hizi tembe za presha sasa?"

"Usiache, mama. Hata siku moja."

"Zimebaki nne."

Nilimtumia mia tano kwa M-Pesa, kisha nikamwandikia muuzaji atafute mtu mwingine.