Boga la Mtoto

Hapa Kolwezi mtoto akiachishwa ziwa mara nyingi hupewa uji wa mahindi, tena mwepesi kweli: ukiinamisha bakuli wakimbia kama maji. Ndivyo tulivyomlea kifungua mimba wetu. Tumbo lilijaa, mashavu yakavimba na miguu pia, nasi tukajisifu kwamba amenenepa! Bibi yake alibonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki. Tulikimbilia kituo cha afya, alipona polepole.

Kwa mdogo wake tumefanya vingine. Alipotimiza miezi 6, akinyonya bado, tulichemsha boga, tukaliponda likawa laini. Rangi yake ya machungwa humpa mtoto vitamini A ya macho. Mbegu nazo zajenga mwili, kazi isiyowezwa na uji mtupu: tunazikaanga, tunazimenya, tunazitwanga ziwe unga, kisha kijiko kimoja katika uji mzito. Nzima zitamkaba. Chumvi na sukari hatutii. Asali ni mwiko kabla ya mwaka 1. Na kwa vumbi hili la magari ya migodi, boga huoshwa kabla ya kukatwa.

Wengine ng'ambo hutia mbegu za chia. Sisi tunazo hizi tulizokuwa tukiwatupia kuku.

Jana tulimkuta kaka mtu akilamba sufuria ya mtoto.