Safari Isiyo na Shughuli

Kwetu Bahati, ukisema unasafiri, swali la kwanza ni, "Nani amefariki?" La pili, "Ama kuna mgonjwa?" Nauli ni pesa, na pesa haitoki bure. Watu hupanda matatu kwa sababu: mazishi, kitambulisho, kazi, ruracio ya binamu. Kupanda gari ili ufike mahali na uketi tu, hayo ni mambo ya watalii.

Mimi na mama tulikuwa wazoefu wa safari za shughuli. Miaka miwili mfululizo, kila Jumanne na Ijumaa, tulimpeleka baba Nakuru mjini kusafishwa damu. Nilijua kila tuta la barabara ile kwa sababu kila tuta lilimuuma. Baba alipotuacha, mama aliacha kwenda tao. Akihitaji kitu, anatuma mtu. Mimi nilikuwa bado naenda, lakini nikisikia makanga akiita abiria, tumbo linanisokota.

Kwa hivyo nilipomwambia, "Mama, Jumamosi twende Naivasha, ziwani," aliniangalia kama mimi ndiye mgonjwa sasa.

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

"Si hata hapa tunakaa?"

Lakini Jumamosi asubuhi alikuwa tayari: sweta ya kanisani, chapati nne, na chupa ya chai. Ni ile chupa ya hospitali. Sikusema kitu.

Utauliza mbona Naivasha, na Ziwa Nakuru liko hapo chini tu. Lile liko ndani ya mbuga: unalipa getini, na huwezi kujitembelea kwa miguu. Elementaita nalo ni la magadi. Maji ya Naivasha hayana chumvi, na ingawa sehemu kubwa ya ufuo imepakana na hoteli na mashamba ya maua, Kamere bado ni pa wananchi.

Tulipobadilisha gari Nakuru, mama hakuongea. Tukapita Lanet, tukapita Mbaruk. Pale Elementaita inapojifungua upande wa kulia, akanigusa goti. "Angalia."

Ni kitu kidogo. Lakini miaka miwili yote hatukuwahi kuangalia nje ya dirisha. Tulikuwa tunamwangalia mtu.

Kamere haina mchanga mweupe wa Diani. Kuna matope, mafunjo, boti za wavuvi, na akina mama wanaokaanga samaki huku korongo wakivizia matumbo. Migunga mikavu imesimama ndani ya maji, kwa sababu ziwa limepanda miaka ya karibuni. Tuliketi. Tukala samaki kwa chapati, vidole vikang'aa mafuta. Kisha mama, ambaye hajawahi kupanda boti maishani, akauliza bei, akapunguziwa, akavaa boya.

Kijana wa boti alituonyesha viboko kwa mbali, akazima injini. Akasema ziwa hili halina mto unaotoka. Maji hushuka chini kwa chini, ndiyo maana hayawi chumvi. Yanayoingia, mengi ni ya Mto Malewa, kutoka milima ya Nyandarua.

"Malewa?" Mama alizaliwa upande wa Ol Kalou. "Hayo maji nimeyabeba mgongoni nikiwa msichana." Akatumbukiza mkono, akauacha humo. "Kumbe yalikuwa yanakuja huku."

Akacheka. Kicheko hicho nilikuwa nimekisahau.

Sidai kwamba ziwa linatibu huzuni. Usiku ule nilimsikia akilia chumbani, kama kawaida. Ninachosema ni kwamba barabara ilikuwa imegeuka kuwa ya ugonjwa peke yake, na siku moja ya kukaa tu iliifungua. Nauli ya watu wawili haikwenda bure.

Jioni hiyo, steji ya Nakuru, nikitafuta gari la Bahati, niligeuka nikakosa kumwona. Alikuwa kwenye matatu za Marigat, chupa kwapani, akimbana makanga: kutoka hapo hadi Ziwa Baringo, kwenda na kurudi, ni pesa ngapi?