Maji ya sabuni ya karasha si dawa ya kabichi

Wiki hii nilikusudia kuandika kuhusu kuhifadhi maharage, lakini kuna jambo linanikaa rohoni tangu kiangazi, nimeona nilitoe kwanza. Linahusu sabuni ya unga, makarasha ya dhahabu na kosa langu mwenyewe.

Kosa lenyewe ni la maneno mawili tu. Katika mafunzo ya shambani hapa Murusagamba niliwaonyesha wakulima jinsi ya kupambana na vidukari, wale wengine mnawaita wadudu mafuta, kwenye kabichi na sukuma wiki bila kununua dawa ya dukani. Nikasema: "Tumieni maji ya sabuni." Nikapulizia majani, watu wakaona, tukapiga picha, tukaagana. Sikusema sabuni gani. Sikusema maji yatoke wapi. Nilidhani hilo kila mtu analijua.

Baada ya majuma kama matatu nikapigiwa simu jioni na mama mmoja aliyehudhuria siku ile. Yeye ni mtu wa kata yetu, ila kiangazi hukodi kipande cha bonde ng'ambo, upande wa Biharamulo, karibu na machimbo madogo ya dhahabu. Ana akili ya biashara. Wachimbaji wanakula kila siku na hawalimi, kabichi inaondoka shambani hata kabla haijafunga vizuri.

"Bwana shamba, dawa yako ni kiboko," aliniambia. "Wadudu wamekwisha wote, na sabuni wala sinunui."

"Sabuni unaipata wapi, mama?"

"Kwa kijana wangu wa karasha. Yale maji wanamwaga bure, povu limejaa. Ananijazia madumu mawili kila jioni."

Nilikaa kimya mpaka akadhani simu imekatika.

Kesho yake nilichukua pikipiki asubuhi. Nilipofika nilimwamkia, akanipokea kwa furaha kabisa, akanipeleka moja kwa moja kwenye tuta la kwanza ili nijionee kazi ya mwanafunzi wangu. Kweli vidukari hawakuwepo. Lakini majani ya nje yalikuwa na utando wa kijivu, kama mtu amepulizia tope jepesi likakauka. Nilipitisha kidole, kikatoka na vumbi laini la jiwe. Nikamwomba tuende kwa huyo kijana kwanza, kabichi tutazizungumza baadaye.

Kwa wasiowahi kufika kwenye karasha, nieleze kidogo. Ni pipa la chuma lililolazwa, linazungushwa na injini ya dizeli. Ndani kuna gololi nzito za chuma. Mawe yaliyovunjwavunjwa yanaingizwa humo, pipa linazunguka kwa kelele ambayo unaisikia kabla hujaiona, gololi zinapanda na kuanguka juu ya mawe mpaka yanakuwa unga. Kisha unga ule unapitishwa na maji juu ya ubao wenye mteremko uliotandikwa zulia. Dhahabu kwa kuwa ni nzito inanasa kwenye zulia, mchanga mwepesi unakwenda na maji. Kinachobaki kwenye zulia kinaoshwa kwenye beseni, na hapo ndipo zebaki inapoingia ili kuikusanya dhahabu iwe donge moja.

Na sabuni? Nilimuuliza kijana, akanijibu bila kuficha wala kujishtukia. "Sabuni inaosha dhahabu, mkubwa. Bila sabuni dhahabu ndogo inaelea, na zebaki inakataa kushika." Alikuwa na pakiti ndogo za sabuni ya unga zimepangwa juu ya ubao kama dukani.

Sitaki kumdharau kijana yule, kwa sababu alichosema kina ukweli. Chembe ya dhahabu iliyo nyembamba sana inaweza kukaa juu ya maji kama sindano inavyokaa juu ya maji yaliyotulia. Tone la sabuni linaulegeza uso wa maji, ile chembe inazama. Pia pale pana dizeli na grisi ya mashine, na mafuta yakiigusa dhahabu yanaivika ngozi, zebaki inateleza juu yake. Sabuni inaondoa mafuta. Hata wanaong'arisha vito, wale wanaotia mawe kwenye pipa dogo linalozunguka kwa siku nyingi pamoja na mchanga mkali na unga wa kung'arishia, mwishoni hulizungusha tena kwa maji na sabuni ili uchafu uliojificha kwenye nyufa za jiwe utoke. Kwa hiyo sabuni ndani ya pipa la mawe si uchawi wala ujinga. Ni ufundi.

Ila hata kwa ufundi huo kuna kupitiliza. Nilimwona anamwaga pakiti nzima kwenye beseni moja, povu likapanda mpaka kwenye viwiko. Povu jingi linaweza kubeba dhahabu laini na kwenda nayo. Migodi mikubwa huwa wanatengeneza povu kwa makusudi ili madini yashikamane nalo, yapande juu yakusanywe. Wewe wa beseni povu lako unalimwaga. Nilipomwambia hivyo alicheka, halafu akaacha kucheka. Tone moja au chembe chache kwenye vidole zinatosha kulegeza maji. Hela ya pakiti zile nyingine ni ya chai.

Sasa nirudi kwenye dumu la mama. Maji aliyokuwa anapewa yalichotwa kwenye shimo wanapomwagia maji ya mabeseni. Humo mna sabuni, ndiyo. Mna unga wa jiwe, mna dizeli, na mna zebaki. Watu hudhani zebaki yote inarudi kwenye chupa kwa sababu wanaiona inang'aa na kukusanyika. Haiko hivyo. Ikipigwapigwa na mchanga, inakatika matone madogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na matone hayo yanaondoka na maji. Sabuni haiiui. Inaosha dhahabu, haioshi zebaki kutoka kwenye maji.

Kule Japani, kwenye mji wa Minamata, kiwanda cha kemikali kilimwaga maji yenye zebaki baharini miaka mingi. Ugonjwa ule ulitambuliwa rasmi mwaka 1956: watu waliokula samaki wa pale walipoteza uwezo wa kutembea sawasawa, kuona na kuzungumza, na watoto wakazaliwa nao kutoka tumboni. Mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki ulipewa jina la mji huo, ulipitishwa mwaka 2013 ukaanza kufanya kazi 2017, na Tanzania ni nchi mwanachama. Shimo la karasha moja si kiwanda kile, najua. Lakini kwenye tope la bondeni vijidudu huibadilisha zebaki kuwa aina ile ile iliyoingia kwenye samaki wa Minamata, na kutoka tope inapanda kwa samaki, na kutoka kwa samaki inapanda kwetu.

Tukarudi kwenye matuta. Kabichi zilizobaki zilikuwa kama mia tatu. Nyingine alikwisha kuuza. Nilimweleza yote, taratibu, nikamwambia kwamba mimi nisingeila kabichi ile wala nisingempa mtoto.

"Nizichemshe vizuri?" akauliza.

Nikamwambia kuchemsha kunaua mdudu, na zebaki si mdudu.

"Niondoe majani ya nje?"

Hapo nilisita. Ningeweza kusema ndiyo na kila mtu angefurahi. Sikuwa na kipimo mkononi, na kabichi hujifunga jani juu ya jani huku bado unaipulizia. Nikasema hapana, tung'oe.

Akaniangalia muda mrefu. Yule mama ni mkubwa kwangu, ana umri wa kunizaa. Akasema, bila kupandisha sauti: "Mwanangu, si wewe uliyesema maji ya sabuni?"

Sikuwa na jibu. Nilisema ndiyo, ni mimi.

"Na kodi ya bonde nani atanilipia?"

Hilo pia sikuwa na jibu lake. Hakuna fungu la serikali kwa ajili ya neno ambalo afisa ugani hakulimalizia. Tuling'oa pamoja mpaka saa tisa, kijana wa karasha akaja akachimba shimo juu ya mlima, mbali na maji na mahali ambapo mbuzi hawafiki. Alifanya kazi ile kimya, wala hakuombwa. Nilimnunulia mama mbegu pakiti mbili kwa hela yangu. Si fidia, na wote wawili tulijua si fidia. Ninaandika haya kwa ruhusa yake, kwa sharti la kutotaja jina.

Pia nilimwambia jambo ambalo halikumpendeza: bustani yake yenyewe ilikuwa ndani ya mita 60 kutoka kijito, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu hilo. Karasha nalo lilikuwa ndani ya mita hizo hizo. Walikuwa majirani katika kosa, tofauti ni kwamba mmoja anakunywa maji ya mwenzake.

Basi, ile dawa ya vidukari, niieleze sasa kama nilivyopaswa kuieleza siku ile. Chukua maji safi, yale ambayo ungekubali kuyaogea. Tumia sabuni ya maji ya kawaida au kipande cha sabuni ya mche kilichokunwa na kuyeyushwa, usitumie sabuni ya unga ya kufulia, hasa yenye dawa ya kung'arisha nguo, maana inaunguza majani. Vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji kwa lita tatu za maji vinatosha. Ukizidisha unaunguza jani, huongezi nguvu. Jaribu kwanza kwenye mimea miwili mitatu, subiri siku mbili uone. Pulizia asubuhi mapema au jioni, na elekeza bomba chini ya majani, kwa sababu vidukari ndiko wanakokaa. Sabuni inamuua mdudu inayemgusa tu. Ikishakauka haina kazi tena, hivyo rudia baada ya siku tano hadi saba kama bado unawaona. Na bomba lililotumika kwa dawa ya magugu lisitumike hapa hata ukilisuuza mara ngapi.

Kwa ninyi wenye maduka. Najua pakiti za sabuni zinatoka sana kwa sababu ya wachimbaji, na hakuna ubaya wa kuuza sabuni. Ila angalieni mnachokipanga karibu nayo. Nimeingia duka moja nikakuta Jiki, tindikali na siki kwenye shubaka moja, na vichupa vya zebaki vimewekwa chini ya meza jirani na unga wa sembe. Jiki ikikutana na tindikali, au hata na siki, inatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Chupa mbili zikipasuka usiku mahali pamoja, anayelala dukani ndiye atakayeivuta. Zebaki ni habari nyingine: anayeuza kemikali za namna hiyo anatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kama hujasajiliwa, usiiweke. Na madumu yanayotoka machimboni msiyauze tena kwa wakulima wala kwa wanaouza maziwa. Hili nimeliona, na dumu lililooshwa kwa sabuni halina tofauti na lisilooshwa.

Kuna unga mwingine ambao nimeanza kuuulizia. Unaitwa boraksi. Marekani wanauongeza kwenye maji ya kufulia, na masonara wanautumia kuunganishia dhahabu. Wachimbaji wadogo wa Benguet huko Ufilipino wameutumia kwa miaka mingi badala ya zebaki: wanausafisha mchanga wa dhahabu kwa maji mpaka unabaki kidogo sana na mzito, wanauchanganya na boraksi, wanauyeyusha kwenye moto mkali wa mkaa. Boraksi inayeyusha uchafu uliobaki, dhahabu inazama chini. Wataalamu wa jiolojia kutoka Denmark waliwaonyesha wachimbaji wa hapa Tanzania njia hiyo, na maelezo ya majaribio yao yalichapishwa mwaka 2010. Inataka uvumilivu wakati wa kuosha, na haifai kwa kila aina ya jiwe. Kwa mtu aliyezoea zebaki, ambayo inakusanya dhahabu mbele ya macho yake, inaonekana kama kazi ya wenye nafasi.

Yule kijana alinipigia wiki mbili zilizopita kuuliza boraksi inauzwa wapi na kilo bei gani. Nimeuliza maduka yote ya hapa Murusagamba, hakuna aliyenayo. Kama kuna mfanyabiashara anayesoma hapa na anajua inapopatikana, anitumie ujumbe kwa namba ile ile ya siku zote. Mama naye amepanda tena, safari hii huku huku kwetu, juu ya kijito, na maji anachota kisimani kwa ndoo.