Si Uvivu, Wala Si Uchawi

Hapa kwetu Lubumbashi mke akinenepa, mumewe husifiwa: “Anamtunza vema.” Lakini akianza kuchoka pasipo kazi nzito, sifa hugeuka masengenyo. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watano, aliyaonja yote mawili. Alikula bukari kidogo kuliko wanawe, na hata hivyo mwili ulizidi kuvimba. Aliona baridi hata katika joto la Oktoba. Sauti ikawa nzito, na mchana alisinzia. Wakwe zake walimwita mvivu. Wengine walinong’ona habari za uchawi. Ndoa ilikuwa karibu kuvunjika.

Daktari alipopima damu aliiona sababu: tezi ya shingo ilikuwa imelegea. Tezi hiyo ndogo, iliyo mbele ya koo, hutengeneza homoni, ambayo ni kama mjumbe anayechukuliwa na damu kuuamuru mwili utumie chakula kwa mwendo upasao. Mjumbe akipungua, moyo hupiga polepole, maji na chumvi hubaki mwilini, nguvu hupotea. Tangu hapo mama yule humeza kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula. Unene haukuisha wote, lakini baada ya miezi kadhaa nguvu zilimrudia.

Kongo yetu ina ushuhuda mkubwa wa mambo ya tezi hii. Katika miaka ya 1960, wataalamu wa Ubelgiji walichunguza kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu. Iodini, ambayo tezi huihitaji kwa kazi yake, ilikuwa haba kisiwani kote. Lakini rovu lilizidi sana upande wa kaskazini. Mwaka 1971 Delange na Ermans walieleza kwamba mihogo iliyoliwa huko iliizuia tezi kupokea hata iodini ile kidogo.

Kwa hiyo tununue chumvi yenye iodini, na mihogo michungu tuiloweshe siku za kutosha kabla ya kuianika. Lakini tezi huweza kulegea hata pasipo upungufu wa iodini, hasa kwa wanawake. Basi chumvi si dawa ya kila mgonjwa. Tena uchovu huweza kuletwa na upungufu wa damu au kisukari. Hakuna awezaye kuupambanua kwa macho.

Enyi waume, nanyi wakwe, mkimwona mke amechoka na kunenepa pasipo sababu, msimhukumu. Mpelekeni kwanza apimwe damu.