Damu Zetu Hazigombani

Ndugu msomaji, kuna maneno mtu huyatamka mara moja tu, akageuka na kuendelea na shughuli zake, kumbe huku nyuma ameacha nyumba inaungua. Mimi niliishuhudia nyumba ya dada yangu ikiungua kwa maneno matatu. Maneno yenyewe ni haya: "Damu zenu haziendani."

Kwetu ni Korogwe. Dada aliolewa Handeni mwaka 2010, ng'ambo ya Mto Pangani, katika kijiji kimoja cha Wazigua ambacho sitakitaja, maana waliomo bado ni ndugu zetu. Siku ile tulimsindikiza kwa gari la kukodi, barabara ikiwa bado ya vumbi, tukafika sote tuna rangi moja kama matofali. Shemeji alikuwa mkulima wa mahindi, tena ana mizinga yake ya nyuki porini. Mtu wa maneno machache. Kila akija kwetu alikuja na chupa ya asali, akaiweka mezani bila kusema kitu.

Mwaka 2011 dada akajifungua mtoto wa kiume kwenye zahanati ya kijiji. Kadi yake ya kliniki ilikuwa na uzito, ilikuwa na presha, ilikuwa na tarehe za kurudi. Mahali pa kundi la damu palikuwa patupu. Hatukuuliza. Nani angeuliza? Mama mzima, mtoto mzima, ubwabwa ukapikwa, watu wakala.

Mwaka 2013 akazaliwa wa pili, wa kike. Kesho yake asubuhi macho na viganja vilikuwa manjano kama binzari. Tukaambiwa tumwanike kwenye jua la asubuhi, na tukamwanika. Siku ya tatu akaacha kunyonya. Jioni yake tukamzika.

Mwaka 2015 mimba ya tatu ikafika mwezi wa nane, kisha mtoto akaacha kucheza. Shemeji akakodi gari akamleta dada Korogwe, hospitali. Mtoto alitoka amekufa, amevimba mwili mzima. Halafu damu ya dada ikaanza kutoka, na haikutaka kukata.

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtu alipopima kundi la damu ya dada yangu. Mimba tatu, makaburi mawili, ndipo kikapimwa kipimo cha tone moja la damu! Mtu wa maabara akatoka na karatasi: kundi O, Rh hasi. Katika jokofu lao hapakuwa na hata chupa moja ya damu hasi. Tukapanga foleni ndugu wote. Kaka, chanya. Mjomba, chanya. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetimiza miaka kumi na minane, nimetoka kumaliza kidato cha nne, naogopa sindano kama mtoto. Yule bwana akanitazama, akatazama kigae chake, akasema, "Wewe pia." Nilitoa chupa moja, ikapita ukuta wa pili ikaingia kwa dada. Aliishi.

Kesho yake wakampima na shemeji. Akakutwa B chanya. Muuguzi aliyekuwa zamu, naye kachoka, wodi imejaa, akaiangalia karatasi akasema yale maneno matatu. Akaenda kitanda cha pili.

Sikiliza sasa jinsi neno linavyosafiri. Karatasini zimeandikwa herufi mbili tu, Rh, na aliyemsomea shemeji alitamka "resasi". Kufika kijijini resasi ikawa risasi. Ati mke wa fulani ana risasi kwenye damu, na hiyo risasi ndiyo inayoua watoto tumboni! Usicheke. Mama mkwe wake hakucheka. Alilia, kisha akatafuta mganga wa kuitoa risasi, na Handeni yetu waganga si watu wa kutafutwa kwa tochi. Mbuzi akaenda, kuku wakaenda. Risasi haikutoka, maana haikuwemo.

Mawifi wakaanza: "Si hospitali wenyewe wamesema damu zao haziendani? Mungu mwenyewe kawakataza, nyie mnalazimisha nini?" Mwaka 2017 shemeji akamrudisha dada kwetu, ati apumzike. Akaweka asali mezani. Wiki mbili baadaye ikaja talaka. Akaoa mwingine, na yule bibi akazaa watoto wawili wazima, mmoja baada ya mwingine. Kijiji kizima kikasema: mmeona?

Sikuona. Nilikuwa na hasira, lakini hasira bila elimu ni kelele tu. Aliyenifungua macho ni jirani yetu, mkunga mstaafu, mama aliyezalisha nusu ya mtaa wetu. Nilimkuta anachambua mchicha barazani, nikamwuliza: "Shikamoo mama. Hivi damu za mume na mke zinagombanaje?"

"Marahaba mwanangu. Hazigombani. Zitagombania wapi? Damu ya mume na damu ya mke hazikutani hata siku moja."

Akaweka mchicha chini. Akanieleza, nami nakueleza kama alivyonieleza.

Damu ya watu wengi ina alama moja inayoitwa D. Ukiwa nayo wewe ni Rh chanya, usipokuwa nayo ni Rh hasi. Si ugonjwa, ni kama mtu kuwa na kidoti au kutokuwa nacho. Herufi Rh zimetokana na jina la aina ya nyani waliotumika katika utafiti wa Landsteiner na Wiener mwaka 1940. Mume akiwa chanya na mke hasi, mtoto anaweza kurithi alama ya baba. Sasa mama hasi amebeba mtoto chanya. Miezi yote hiyo damu zao zimetengwa, lakini siku ya kujifungua, kondo la nyuma linapobanduka, matone ya damu ya mtoto huvuka yakaingia kwa mama.

"Wewe umekulia kwenye mkonge," mkunga akaniambia. "Unamjua mlinzi wa shamba. Mgeni akipita mara ya kwanza, mlinzi anashtuka, anamkariri sura, lakini mgeni keshapita. Akija mara ya pili, mlinzi yuko tayari na rungu."

Ndiyo sababu mtoto wa kwanza wa dada alitoka salama. Yeye ndiye mgeni wa kwanza. Baada yake mwili wa dada ukawa umetengeneza kingamwili, na hizo ndizo zilizovuka kwenda kwa wa pili na wa tatu zikivunja chembe za damu yao. Damu ikivunjika mtoto hugeuka manjano, hupungukiwa damu, huvimba, na moyo hushindwa. Mlinzi hana ubaya, anafanya kazi yake. Bahati mbaya anampiga mtoto wa mwenye nyumba.

Na si kujifungua tu. Mimba ikitoka, mimba ikitunga nje ya mji wa uzazi, mama akipigwa au akianguka tumbo likaumia, damu inaweza kuvuka vilevile. Fikiria wasichana wangapi mimba imetoka kimyakimya, hakuna aliyepima kitu, na mlinzi keshaamka.

"Dawa yake?" nikamwuliza.

"Ipo. Sindano ya anti-D. Anachomwa mama hasi ambaye mwili wake haujatengeneza kingamwili, kwenye wiki ya 28 ya mimba, halafu tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, mtoto akipimwa akakutwa chanya. Inafuta nyayo za mgeni kabla mlinzi hajaamka."

Nikanyamaza. Saa 72! Siku tatu, zilezile ambazo mwaka 2011 tulikuwa tunakula ubwabwa.

"Na dada sasa hivi?"

Mkunga akaokota mchicha wake. "Dada yako sindano hiyo haimsaidii tena, mwanangu. Mlinzi keshaamka." Lakini akaniambia pia kwamba wenye hali ya dada hawajafungiwa mlango kabisa. Kuna baba ambao wamebeba alama hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu, na kila mtoto wao ana nafasi sawa ya kuirithi au kutoirithi. Asipoirithi, hana shida. Akiirithi, hospitali kubwa humchunguza mtoto kwa karibu tumboni, humzalisha mama mapema ikibidi, na mtoto huongezewa au hubadilishiwa damu. Ni safari ngumu na ya gharama, lakini ipo. Dada na shemeji walistahili kuambiwa hayo wakae chini waamue. Waliambiwa maneno matatu.

Mke wa pili wa shemeji alizaa salama kwa sababu yeye ni chanya, kama watu wengi walivyo. Basi, ndiyo siri yote. Hakuna laana wala risasi. Ingekuwa mke ndiye chanya na mume hasi, pia pasingekuwa na tatizo hili. Wote wakiwa hasi, halipo. Na habari za A na O ni kesi nyingine: mama wa O akizaa mtoto wa A au B, mtoto anaweza kupata manjano, lakini mara nyingi huwa hafifu, ingawa naye lazima aonwe na daktari.

Kinachoniuma, ndugu msomaji, ni kwamba sindano hii si ya juzi. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1968, kabla mama yangu hajazaliwa. Hutengenezwa kutokana na damu za watu wanaojitolea. Huko Australia alikuwako mzee mmoja, James Harrison, aliyechangia zaidi ya mara 1,100 kuanzia mwaka 1954 hadi 2018, kwa sababu damu yake ilikuwa na kingamwili hizo kwa wingi. Alifariki Februari 2025. Mtu asiyetujua aliinyoosha mikono yake zaidi ya miaka sitini. Na sisi tunaojuana tunashindwa kuulizana kundi la damu!

Tena kwetu Korogwe damu si jambo geni. Watoto wa wilaya yetu walikuwa miongoni mwa walioshiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Sindano zilidungwa, vipimo vikachukuliwa, dunia ikafaidika. Lakini wenye Rh hasi kwetu ni wachache. Ulaya ni kama 15 katika kila 100, Afrika Mashariki hawafiki hapo hata kidogo. Wachache husahaulika. Sasa mimi ni mmoja wa hao wachache.

Nilipompata mwenzangu, fundi umeme, mtoto wa Handeni vilevile (moyo haupigi ramani), nilikaa miezi minne bila kumwambia. Naijua sayansi yote, nimekariri mpaka wiki, lakini naogopa maneno matatu. Siku moja pale kituo cha mabasi Korogwe, tunasubiri basi, tunamenya machungwa, nikajikaza.

"Nina jambo. Damu yangu ni O hasi. Wewe je?"

"Sijui. Kwani?"

Nikamweleza yote, dada, risasi, mlinzi wa mkonge. Alimaliza chungwa lake. Akafuta kisu.

"Kwa hiyo tunatafuta nini," akasema, "sindano au kadhi wa kutuachanisha?"

Tulienda kupima. Yeye ni A chanya.

Leo naandika haya nikiwa wiki ya 31. Kipimo cha kingamwili kilionyesha mlinzi wangu bado kalala. Sindano ya kwanza haikupatikana katika maduka ya dawa niliyoyazunguka. Iliagizwa Dar es Salaam, ikaja kwa basi ndani ya boksi lenye barafu, maana inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Bei yake ilikula pesa ya kochi tuliyokuwa tumeiweka. Tunakaa kwenye mkeka, hatujambo. Ya pili tumeshailipia, na mwenzangu kila Jumatatu anapiga simu kuuliza kama ipo na kama umeme haukukatika.

Ninyi mnaojifunza kuandika kama mimi, tunapenda kusema kwamba maneno yana nguvu. Mimi sikulijua hilo darasani. Nimejaribu kutafuta maneno ya kuweka mahali pa "damu zenu haziendani". Nimepata haya: "Mama anahitaji sindano, na inahitajika mapema." Si matamu, hayaingii kwenye shairi. Lakini mume akiyasikia anainuka kwenda kuitafuta sindano. Yale mengine yanampeleka kwa kadhi.

Wiki iliyopita dada alinisindikiza kliniki. Mwanawe wa Handeni sasa yuko sekondari, likizo huja kwetu na chupa ya asali kutoka kwa baba yake. Tulikaa kwenye benchi. Pembeni yetu alikuwa binti mdogo, mimba changa, kadi yake mpya haijakunjwa hata pembe. Nilidhani dada anasinzia. Akageuka, akamgusa begani.

"Mdogo wangu," akasema, "kundi lako la damu wamekuandikia? Hebu tuone."