Taa Isemayo "Sisikii"

Katika magari ya siku hizi mna taa ndogo ya rangi ya manjano, yenye umbo la tairi lililokatwa kwa mbele na alama ya mshangao katikati. Wengi huiona kila wakiwasha gari, na wengi wamekwisha kuizoea kama mtu azoeavyo mlio wa mlango mbovu. Katika kuizoea huko ndimo ilimo hatari. Onyo likikaa siku nyingi bila ya kujibiwa hugeuka pambo, na siku litakapokuwa na la kweli la kusema halitampata wa kulisikia.

Taa hiyo ilizaliwa na misiba. Mwaka 2000, baada ya watu wengi kufa nchini Marekani kwa magari kupinduka matairi yake yalipobambuka njiani, ilipitishwa huko sheria iliyotaka kila gari liwe na chombo cha kumjuza dereva upepo unapopungua. Ilipofika Septemba 2007 chombo hicho kilikuwa lazima kwa magari mapya madogo yote ya nchi ile. Ulaya ikafuata, na tangu Novemba 2014 hakuna gari dogo jipya linalouzwa huko bila ya chombo hicho. Magari hayo yakishatumika huvuka bahari, na ndivyo taa hiyo ilivyofika Unguja, mara nyingi bila ya kitabu chake cha maelezo.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Makunduchi alinunua gari la namna hiyo, lililokuwa likitumika Uingereza tangu mwaka 2015. Kila Jumatatu humpeleka mama yake kliniki mjini, kwa njia ipitayo Kitogani na msitu wa Jozani. Mama huyo ni mtu mzima sana, na gari likiyumba kwa tairi kupasuka katika mwendo, mifupa yake haitastahimili. Kwa hiyo upepo wa matairi haukuwa jambo dogo kwa mwanawe.

Taa ilipoanza kuwaka, fundi alimweleza chanzo chake. Ndani ya kila gurudumu, penye mzizi wa valvu, mna kihisi kinachopima upepo na kuipelekea habari kompyuta ya gari kwa mawimbi ya redio. Betri yake imefungiwa humo humo, haibadilishwi, na umri wake aghalabu ni miaka 5 hadi 10. Vihisi vya gari lile vilikuwa vimekwisha umri. Ndugu wa Mwalimu aliyeko Marekani akamletea vinne vipya, vya umbo lile lile na valvu ile ile. Vikafungwa. Taa haikuzimika.

Hapo yakaanza mashauri. Mmoja alisema aongeze upepo mpaka taa iridhike. Mwingine alileta kipande cha plasta nyeusi.

"Bandika hapa juu yake, Mwalimu, usahau. Gari ngapi hapa mjini zinakwenda hivyo?"

"Mwanangu," alijibu Mwalimu, "nikimziba mdomo anionyaye, nitajuaje siku atakapokuwa na neno?"

Akafanya alilowafundisha wanafunzi wake kwa miaka mingi: kutazama kwanza, kusema baadaye. Alinunua geji akapima asubuhi, kabla ya gari kutembea, kwani tairi lililotoka safarini huwa na joto na upepo wake husomeka zaidi ya ulivyo. Yote manne yalisoma 33, sawa na ilivyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa penye fremu ya mlango wa dereva. Basi upepo haukuwa na kosa. Kisha akaitazama taa yenyewe, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake. Kila alipowasha gari, taa iliwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, kwa muda wa dakika moja au zaidi kidogo, ndipo ikatulia ikiwaka.

Hizo ni kauli mbili tofauti. Taa inayowaka ikatulia tangu mwanzo husema: tairi limepungua upepo. Inayowaka na kuzimika kwanza, kisha ikatulia, husema: mimi sisikii. Ya kwanza ni habari ya tairi. Ya pili ni habari ya mleta habari. Anayeliongezea upepo gari linalolalamikia uziwi hulitia ila jipya, kwani tairi lililojazwa kupita kiasi hukakamaa, hugusa lami kwa katikati tu, na gari huchelewa kusimama breki ikikanyagwa.

Kijana mmoja wa gereji alikuwa na kifaa cha kuamshia vihisi. Akakisogeza penye kila gurudumu, na vyote vinne vikajibu.

"Vizima, Mwalimu," alisema. "Lakini vinazungumza kwa 315, na gari lako linasikiliza 433."

Vihisi vya magari ya Marekani aghalabu hurusha habari kwa megahezi 315, na vya Ulaya kwa 433. Mpenzi wa mashairi atalielewa jambo hili upesi: ubeti waweza kutimia mizani na vina, na bado ukawa haukulijibu shairi ulilotumwa kulijibu.

Vikaagizwa vingine, vya 433. Taa ikaendelea vile vile. Safari hii sababu ilikuwa nyingine: kila kihisi kina namba yake, na gari humsikiliza yule tu ambaye namba yake limeiandika. Orodha ya gari ilikuwa bado na namba za marehemu. Kijana akachomeka kifaa chake chini ya usukani, akaziandika namba mpya, gurudumu baada ya gurudumu. Kisha wakaliendesha gari hadi Fumba na kurudi, kwa sababu kihisi hulala gari likisimama, ili kuiwekea betri akiba. Yako magari yanayojifunza namba hizo yenyewe, na yako yenye kihisi cha tano ndani ya tairi la spea, ambacho mafundi wengi hukisahau. Hili halikuwa nacho. Waliporudi, taa ilikuwa imezimika.

Wiki ya tatu, wakitoka kliniki, wamekwisha kuyapita matuta ya Jozani yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, taa iliwaka. Haikukonyeza, iliwaka ikatulia. Mwalimu akapunguza mwendo, akaegesha penye kivuli.

"Kuna nini, mwanangu?" aliuliza mama.

"Tairi linatwita, mama."

Kwa macho matairi yote yalikuwa mazima. Geji ikasema 25 kwa la nyuma kulia, na msumari ukaonekana kati ya meno yake. Spea ikafungwa hapo hapo, mama akiwa amekaa kivulini juu ya mkeka.

Siku hizi Mwalimu hupima matairi kila Ijumaa asubuhi, ingawa taa yake nzima. Amejifunza kwamba taa hiyo husema upepo ukishapungua takriban sehemu moja ya tano. Zile paundi za mwanzo hupotea kimya kimya, na hizo hazina wa kuzisemea ila mkono wa mwenye gari.